Mistari Mitatu Ufukweni: Historia ya Kanuni za Matumizi ya Ardhi katika Kidakio cha Maji ya Kunywa cha Kampala, 1900–2024

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kanuni za matumizi ya ardhi katika eneo linalolisha Ghuba ya Ndani ya Murchison, ambako jiji la Kampala limekuwa likichota maji yake ya kunywa tangu mwishoni mwa miaka ya 1920. Yanaonesha kuwa mipaka mitatu ilichorwa hapo kwa nyakati tofauti na kwa sababu tofauti: ukanda wa maili mbili uliohamishwa watu kwa ajili ya malale, mpaka wa mji wa kikoloni uliotenga watu kwa rangi na kukausha vinamasi kwa hofu ya malaria, na ukanda wa mita 200 uliowekwa na kanuni za mwaka 2000. Hoja kuu ni kwamba hakuna hata mmoja kati ya mipaka hiyo uliofuata njia ya maji yenyewe. Sehemu ya mwisho inajadili uamuzi wa kuchota maji Katosi na maana yake kwa wapangaji wa sera katika nchi zinazozunguka Ziwa Viktoria.

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya sera za maji Afrika Mashariki, ulinzi wa vyanzo vya maji huelezwa mara nyingi kana kwamba ni jambo jipya, lililozaliwa na sheria za mazingira za miaka ya 1990. Maelezo hayo yana ukweli wake, lakini yanaficha jambo moja. Ardhi inayozunguka vyanzo hivyo haikuwa tupu wala haikukosa kanuni kabla ya sheria hizo. Ilikuwa na wenyewe, ilikuwa na ramani, na ilikuwa na amri za serikali zilizosema nani akae wapi na ajenge nini. Sheria mpya ziliwekwa juu ya tabaka za amri za zamani, na nguvu ya tabaka hizo haikuisha siku sheria mpya zilipotangazwa.

Kampala ni mfano mzuri wa kulichunguza jambo hili. Jiji hili limejengwa juu ya vilima, na kati ya vilima kuna mabonde yenye vinamasi vya mafunjo. Maji ya katikati ya jiji hushuka hadi Mfereji wa Nakivubo, hupita eneo la viwanda, huingia katika kinamasi cha Nakivubo chini ya Bugolobi, kisha humwagikia katika Ghuba ya Ndani ya Murchison. Kilomita chache tu kutoka hapo, katika ghuba hiyohiyo, ziko bomba zinazovuta maji kuelekea mitambo ya Gaba ili yasafishwe na kurudishwa mjini. Kwa maneno mengine, jiji limekuwa likinywa kutoka katika chombo kilekile linamonawia.

Neno kidakio katika makala haya lina maana ya eneo lote la ardhi ambalo mvua inayonyesha juu yake hatimaye hufika kwenye chanzo kimoja cha maji. Maana hii ni ya msingi katika hoja inayofuata, kwa sababu mpaka wa kidakio hutokana na umbo la ardhi, ilhali mipaka ya kanuni hutokana na maamuzi ya binadamu. Swali la makala ni hili: je, katika muda wa zaidi ya karne moja, mipaka hiyo ya aina mbili ilikutana wapi, na ilipoachana, nani alilipa gharama?

2.0 Mstari wa kwanza: maili mbili kutoka ziwani

Mkataba wa Buganda wa Machi 1900 uligawa ardhi ya ufalme huo kabla ardhi yenyewe haijapimwa. Eneo lote lilikadiriwa kuwa maili za mraba 19,600. Maili za mraba 8,000 walipewa machifu na wamiliki binafsi wapatao 1,000, na kutokana nazo milki ya mailo ilipata jina lake. Maili za mraba 9,000 zilizohesabiwa kuwa pori ziliwekwa chini ya serikali ya Kiingereza, na misitu ya maili za mraba 1,500 nayo ikawa chini ya himaya. Katika mgawanyo huu ardhi ilipangwa kwa mizani ya nani atamiliki na nani atalima. Kinamasi hakikuonekana kuwa na kazi yoyote. Kilikuwa sehemu ya pori, au kilikuwa ukingo usio na thamani wa shamba la mtu.

Wakati huohuo ufuko wa ziwa ulikuwa umeingia katika msiba. Kati ya mwaka 1900 na 1920 malale yaliua zaidi ya watu 200,000 katika pwani na visiwa vya Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Gavana Hesketh Bell aliamuru watu waliokaa katika ukanda wa maili mbili kutoka ziwani, yaani kilomita tatu na zaidi kidogo, wahamishwe ili kuwatenga na mbung'o. Vijiji vya wavuvi vikaachwa, mashamba yakageuka vichaka, na kwa miaka kadhaa ufuko ulikuwa mtupu. Watu waliruhusiwa kurudi hatua kwa hatua baadaye.

Huu ulikuwa ukanda wa kwanza wa ufukweni uliowekwa kwa amri ya serikali ya kisasa katika eneo hili. Haukuwekwa kwa ajili ya maji ya kunywa. Uliwekwa kwa ajili ya kuwaondoa watu mbali na mdudu. Hata hivyo, uliacha urithi wa aina mbili. Kwanza, uliweka desturi ya kutawala ufuko kwa kipimo cha umbali kutoka majini, kipimo kimoja kwa pwani yote bila kujali mteremko, udongo wala mito. Pili, uliwafundisha wakazi wa ufuko kwamba mstari unapochorwa na serikali, wanaohama ni wao. Mambo haya mawili yatajitokeza tena karne moja baadaye.

3.0 Mstari wa pili: mpaka wa mji

Kanuni za kugawa miji katika kanda za matumizi ya ardhi ziliingia Afrika Mashariki kupitia mlango wa afya. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alizuru Himaya ya Afrika Mashariki, Uganda na Zanzibar akichunguza hali ya usafi wa miji. Alipendekeza makazi ya Wazungu, Waasia na Waafrika yatenganishwe, na kati yao kuwe na eneo la wazi lisilojengwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia maradhi. Matokeo yake yalikuwa ramani ya rangi. Mpango wa Kampala ulioandaliwa na A. E. Mirams mwaka 1930, na kazi za wapangaji waliomfuata, Ernst May katika miaka ya 1940 na Henry Kendall mwanzoni mwa miaka ya 1950, zilikuta ramani hiyo ikiwa imekwisha kuanza kuchukua umbo ardhini. Wazungu walikaa Nakasero na baadaye Kololo, Waasia miteremko ya chini na mitaa ya biashara, na Waafrika wengi nje ya mpaka au katika nyumba za wafanyakazi za Nakawa na Naguru.

Katika mpango wa namna hii bonde lilikuwa adui. Baada ya Ronald Ross kuthibitisha mwaka 1897 kwamba mbu hubeba malaria, kinamasi kilichokuwa karibu na makazi kilihesabiwa kuwa hatari. Mifereji ilichimbwa, mikaratusi ikapandwa ili inyonye maji, na mabonde yaliyokaushwa yakapewa kazi zisizofaa vilimani. Bonde la Nakivubo lilipewa reli na viwanda. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake ndani ya mpango: ardhi tambarare, karibu na stesheni, mbali na nyumba za wakubwa. Lakini kwa mtazamo wa maji, mpango uliweka viwanda juu ya kinamasi, na kinamasi juu ya ghuba.

Jambo la pili ni la kiutawala, na huenda ndilo zito zaidi. Kampala ya kikoloni ilikuwa miji miwili iliyopakana. Upande mmoja ulikuwa mji wa serikali ya himaya wenye kanuni za ujenzi na wakaguzi wa afya. Upande wa pili ulikuwa kibuga cha Mengo, makao makuu ya Kabaka, chini ya serikali ya Buganda. Peter Gutkind, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1963, alieleza kwa kina namna kibuga kilivyojaa wapangaji na wahamiaji huku mamlaka yake yakiwa na uwezo mdogo wa kutoa huduma. Kisenyi, mtaa ulio chini ya kilima cha Mengo, ulimwaga maji yake katika bonde lilelile la Nakivubo, lakini ulikuwa nje ya mpaka wa mji. Mvua moja iliponyesha, maji ya pande zote mbili yalikutana mferejini; kanuni za pande mbili hazikukutana popote. Mpaka huo wa kiutawala ulidumu hadi mwaka 1968, jiji lilipopanuliwa hadi kufikia karibu kilomita za mraba 195 na kukimeza kibuga. Wakati huo mitaa iliyokua bila mabomba ya majitaka ilikuwa tayari imejaa watu.

4.0 Gaba: mahali pa kuchotea

Mitambo ya kwanza ya Gaba ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Kwa mji mdogo wa wakati ule, ghuba ilikuwa mahali palipofaa. Ilikuwa karibu, ilikuwa na maji ya kutosha, na kinamasi kikubwa kilisimama kati yake na mji. Ghuba ya Ndani ina kina kifupi, wastani wa mita tatu hivi, na imezungukwa na ardhi karibu pande zote, ikiwa na njia nyembamba tu ya kuunganika na ghuba ya nje. Maji yake hayabadilishwi haraka. Sifa hiyo haikuwa tatizo kwa mji wa maelfu ya watu. Ilikuja kuwa tatizo Kampala ilipofikia wakazi 774,000 katika sensa ya 1991 na zaidi ya 1,500,000 katika sensa ya 2014.

Tabaka hizi tatu, yaani viwanda bondeni, mitaa isiyo na mabomba ya majitaka na mitambo ya maji katika ghuba iliyofungika, zilishikiliwa pamoja na kitu kimoja ambacho hakikuwamo katika mpango wowote: mafunjo ya Nakivubo. Mtambo wa majitaka wa Bugolobi, uliojengwa enzi za ukoloni, ulimwaga maji yake huko. Mifereji ya mitaa ilimwaga huko. Hata leo ni chini ya moja ya kumi ya wakazi wa Kampala waliounganishwa na mfumo wa mabomba ya majitaka. Wengi hutumia vyoo vya shimo, na mvua kubwa huchukua kilichomo. Kinamasi kilipokea yote, kikapunguza kasi ya maji, kikatuamisha tope, na mizizi ya mafunjo ikanyonya sehemu ya nitrojeni na fosforasi.

Utafiti wa Frank Kansiime na Maimuna Nalubega, uliokamilika mwaka 1999, ulionesha kwamba uwezo huo hautegemei ukubwa wa kinamasi peke yake, bali unategemea pia maji yanapita wapi. Mafunjo yanayoelea huruhusu maji machafu kuchanganyika na mizizi yake, na hivyo husafisha vizuri zaidi kuliko aina nyingine ya majani marefu iliyotawala baadhi ya sehemu za kinamasi hicho. Maji yakielekezwa katika mfereji mmoja wa moja kwa moja, hupita bila kuguswa. Wakulima wa magimbi na miwa waliochimba vijifereji katika kinamasi cha juu, pamoja na tuta la reli ya Port Bell lililokigawa kinamasi sehemu mbili, walibadili njia hiyo ya maji. Hivyo mtu anaweza kuikuta hekta ileile ya kinamasi ikiwa ya kijani katika picha ya angani, ilhali kazi yake ya kusafisha maji imekwisha kupungua.

Mwaka huohuo wa 1999 Lucy Emerton na wenzake walijaribu kukipa kinamasi hicho bei. Kilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 5.29, na kidakio chake kilizidi kilomita za mraba 40. Walikadiria kwamba huduma ya kusafisha maji ilikuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Marekani kwa mwaka, wakitumia gharama ambazo jiji lingelazimika kulipa kama kinamasi kisingekuwapo. Makadirio hayo yalitumiwa sana katika midahalo ya sera. Kwa mwanahistoria, umuhimu wake uko mahali pengine: ilikuwa mara ya kwanza kwa ardhi iliyoitwa pori mwaka 1900 kuandikiwa hesabu kama sehemu ya mfumo wa maji wa jiji.

5.0 Mstari wa tatu: mita 200

Mabadiliko ya fikra yalianza kabla ya hesabu hiyo. Mwaka 1986 serikali mpya ya Uganda ilisimamisha ukaushaji mkubwa wa ardhi oevu, uliokuwa umeenea katika miaka ya 1970 hasa baada ya Amri ya Ardhi ya 1975 kuiweka ardhi yote chini ya serikali na kurahisisha utoaji wa hati za upangaji. Mwaka 1988 Uganda ilijiunga na Mkataba wa Ramsar. Mwaka 1995 ilipitisha sera ya taifa ya ardhi oevu, ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa duniani kufanya hivyo.

Mwaka huo wa 1995 ndio uliobadili msingi wa sheria. Ibara ya 237 ya Katiba mpya ilirudisha ardhi kwa wananchi na kutambua tena milki ya mailo. Ibara hiyohiyo ilisema kwamba serikali kuu au serikali ya mtaa itashika maziwa, mito na ardhi oevu kama amana kwa niaba ya wananchi na kuvilinda kwa manufaa ya wote. Sheria ya Ardhi ya 1998 ikakataza serikali kugawa rasilimali hizo kwa mtu binafsi. Kanuni za mwaka 2000 za usimamizi wa ardhi oevu, kingo za mito na fuko za maziwa zikaleta vipimo: mita 200 kutoka ufuko wa maziwa makubwa, likiwamo Ziwa Viktoria, mita 100 kutoka mito mikubwa iliyotajwa, na mita 30 kwa mito mingine.

Ukilinganisha na nchi jirani, kipimo cha Uganda ni kikubwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 imeweka mita 60. Rwanda iliweka mita 50 kwa maziwa na mita 10 kwa mito. Lakini kulinganisha mita na mita kunaweza kupotosha, kwa kuwa nchi zote zimetumia mbinu ileile ya Hesketh Bell: kupima umbali kutoka majini. Tofauti iko katika kusudi tu. Ukanda huzuia nyumba isijengwe ufukweni. Hauzuii kiwanda kilicho kilomita sita juu ya mfereji kuifikia ghuba, kwa kuwa kiwanda hicho kimo ndani ya kidakio lakini kiko nje ya ukanda.

6.0 Kwa nini mstari wa tatu haukutosha

Sababu ya kwanza ni hiyo ya kijiografia. Sababu ya pili ni mgawanyo wa mamlaka. Katika kidakio cha Nakivubo, mamlaka ya jiji hupitisha ramani za majengo, mamlaka ya mazingira hutoa vibali vya shughuli katika ardhi oevu, ofisi za ardhi huandikisha hati, na Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, lililoundwa mwaka 1972, huchota na kusafisha maji. Shirika hilo ndilo linalobeba gharama ya kila uamuzi uliofanywa na wengine, kwa shabu, klorini na vichujio, lakini halikupewa uwezo wa kupanga ardhi iliyo juu ya bomba lake. Anayelipa hana sauti, na mwenye sauti halipi. Sheria ya Mipango ya 2010 iliitangaza nchi nzima kuwa eneo la kupangwa, hatua iliyoondoa kisingizio cha mipaka ya mji. Hata hivyo, kuwa na mpango mmoja si sawa na kuwa na daftari moja la ardhi.

Sababu ya tatu ni muda. Hati nyingi katika mabonde zilitolewa kabla ya 1995, chini ya sheria zilizokuwa halali wakati wake. Nyingine zilitolewa baada ya hapo, kinyume cha Katiba. Mwaka 2014 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba hati zilizotolewa katika ardhi oevu baada ya 1995 kinyume cha sheria zifutwe. Utekelezaji umekuwa wa polepole, na sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyefuatilia historia hii. Kufuta hati ni kukiri kwamba ofisi ya serikali iliuza amana ya umma, na nyuma ya hati moja mara nyingi kuna benki iliyokopesha, mjenzi aliyejenga na mpangaji aliyelipa. Wakati ofisi zikijadiliana, eneo la ardhi oevu nchini Uganda lilipungua kutoka asilimia 15.6 ya nchi mwaka 1994 hadi chini ya asilimia 9 mwishoni mwa miaka ya 2010.

Sababu ya nne ni haki. Mwaka 2024 nyumba nyingi zilibomolewa katika kinamasi cha Lubigi, kaskazini-magharibi mwa Kampala. Lubigi si sehemu ya kidakio cha Gaba, kwa kuwa maji yake huelekea Mto Mayanja na Kafu, lakini tukio hilo linaonesha jinsi kanuni inavyoonekana ikitazamwa kutoka chini. Kinamasi hichohicho kimepitiwa na barabara ya mzunguko ya kaskazini, na mtambo wa majitaka wa serikali umejengwa ndani yake. Barabara na mtambo vina manufaa yao, na huenda vilistahili kujengwa. Hata hivyo, mkazi anayeiona barabara ikibaki na nyumba yake ikiondoka hawezi kuamini kirahisi kwamba mstari umechorwa kwa ajili ya maji. Kumbukumbu ya maili mbili haijafutika. Ufuko umekuwa tena mahali ambapo mnyonge ndiye anayehama. Kanuni isiyoaminika huvunjwa usiku, na mlinzi wa kinamasi hawezi kukesha kila bonde.

7.0 Katosi: kuhama badala ya kulinda

Ghuba ya Ndani ilipozidi kujaa mwani na gharama za kusafisha zilipopanda, jiji lilikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kurekebisha kidakio. Sehemu yake ilifanyika: mtambo mpya wa majitaka wa Bugolobi ulijengwa ukiwa na uwezo wa mita za ujazo 45,000 kwa siku. Njia ya pili ilikuwa kuchota mbali. Mtambo wa Katosi, wilayani Mukono mashariki mwa Kampala, ulijengwa kwa mikopo na misaada ya taasisi za Ulaya, ukiwa na uwezo wa lita milioni 160 kwa siku, na huchota katika maji yaliyo wazi zaidi.

Katosi ilihitajika. Gaba peke yake haikuweza kutosheleza jiji hata kama ghuba ingekuwa safi. Lakini kihistoria, hatua hiyo ni marudio ya ile ya miaka ya 1920: mahali pazuri pa kuchotea pamepatikana nje ya mji, huku ardhi iliyo nyuma yake ikiachwa ichukue mkondo wake. Barabara ya lami kutoka Mukono hadi Katosi imekwisha kujengwa, na barabara ya lami katika Buganda ya leo hufuatwa na viwanja. Mabonde ya Mukono bado yana mafunjo. Swali ni kama yatapewa kazi katika mpango kabla hayajapewa hati.

8.0 Funzo kutoka milima ya Catskill

Mfano unaotajwa mara nyingi katika mijadala ya aina hii ni wa New York, na unastahili kutajwa kwa uangalifu. Jiji hilo lenye watumiaji wa maji wapatao milioni 9 hupata takriban asilimia 90 ya maji yake kutoka vidakio vya Catskill na Delaware, mbali na jiji. Mwanzoni mwa karne ya 20 jiji lilichukua mabonde ya milimani kwa nguvu ya sheria, likazamisha vijiji ili kujenga mabwawa kama Ashokan, na kuacha uchungu uliodumu vizazi. Mwaka 1990 lilipotoa rasimu ya kanuni kali za matumizi ya ardhi ili likwepe kujenga mtambo wa kuchuja maji, uliokadiriwa kugharimu dola bilioni 6 hadi 8, miji midogo ya milimani iliungana na kupinga.

Suluhu ilipatikana Januari 1997 kwa makubaliano. Kanuni mpya zilizuia lami na majengo karibu na mikondo ya maji, lakini miji midogo ilibaki na mamlaka yake ya kupanga ardhi. Jiji liliahidi kununua ardhi kwa wanaouza kwa hiari tu, na kulipia ukarabati wa mashimo ya majitaka ya kaya na mitambo ya miji ya milimani. Si kila sehemu ya mfano huu inaweza kuhamishiwa kwetu. New York ilikuwa na fedha, na vidakio vyake vilikuwa na watu wachache; Nakivubo iko katikati ya jiji maskini lililojaa. Lakini funzo moja linavuka bahari: mpaka ulianza kuheshimiwa pale wanywaji wa maji walipokubali kulipia sehemu ya gharama ya wale wanaoishi juu ya maji hayo.

9.0 Hitimisho na mapendekezo

Mstari wa kwanza ulichorwa dhidi ya mbung'o, wa pili dhidi ya mbu na dhidi ya watu wa rangi nyingine, na wa tatu kwa ajili ya mazingira kwa jumla. Kwa zaidi ya miaka 120, hakuna mstari uliochorwa kwa kufuata mahali maji ya kunywa ya Kampala yanakotoka. Kinamasi kilichookoa hali hiyo kwa miongo mingi kilifanya kazi bila kutambuliwa, na kilipotambuliwa kilikuwa tayari kimekatwa na reli, mifereji na hati.

Kutokana na historia hii, mambo manne yanapendekezwa kwa wapangaji wa sera. Kwanza, kwa kila chanzo cha maji ya kunywa ya mji, kidakio chake kipimwe na kutangazwa kuwa eneo maalumu la mpango, huku ukanda wa mita ukibaki kuwa sehemu moja tu ya ulinzi huo. Sheria ya Tanzania ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, inayoruhusu kutangazwa kwa maeneo tengefu ya vyanzo vya maji, inatoa njia ya kisheria inayoweza kuchunguzwa na majirani. Pili, ramani ya kidakio iingizwe katika daftari la ardhi, ili ofisa anayeandikisha hati aione kabla ya kutia muhuri. Tatu, shirika linalochota maji liwe na haki ya kusikilizwa, na ya kuweka pingamizi, katika kila kibali kikubwa ndani ya kidakio chake. Nne, wanaotakiwa kuhama au kubadili matumizi ya ardhi, wakiwamo wenye vibanja ambao Sheria ya Ardhi ya 1998 inawatambua, walipwe kutokana na bili za maji za jiji, na utaratibu uanze na wajenzi wakubwa kabla ya kaya ndogo.

Katika kidakio cha Nakivubo mapendekezo haya yatapunguza madhara tu. Hayatairudisha ghuba ya miaka ya 1920. Katosi ni tofauti. Huko mitambo ni mipya, mabonde mengi hayajajengwa, na wakazi wake bado wanaweza kuitwa mezani kabla ya ramani kukamilika. Mstari wa nne utachorwa huko kwa vyovyote vile, ama na wapangaji ama na madalali wa viwanja. Muda wa kuchagua kati ya hao wawili ni mfupi, na gharama ya kuchelewa imeandikwa tayari katika hesabu za Gaba.